Kitako Kwanza, Sura Baadaye: Somo la Kuchagua Kiweko cha Kinanda

Na Mtunza Ala wa Kwaya, Kidato cha Tatu

Kila mwaka kurasa hizi hujaa mashairi, methali na ngeli. Mwaka huu nimeomba nafasi ndogo nifundishe jambo ambalo si la fasihi wala sarufi. Hata hivyo ni letu, kwa kuwa linahusu mali ya shule nzima, na hakuna sababu ya kulijadili kwa lugha ya kuazima. Jambo lenyewe ni kiweko cha kinanda cha umeme, kile ambacho wauzaji wa ala hukiita stendi.

Najua kuna mwenzangu anacheka: "Aa, stendi tu! Hiyo nayo ina somo gani?" Ngoja kidogo, ndugu yangu. Kinanda chetu ni kimoja, na kilinunuliwa kwa michango ya wazazi. Kwaya inakitegemea, ibada ya Jumapili inakitegemea, na wenzetu wanaosoma Muziki wanakitegemea zaidi. Mtihani wa Muziki wa KCSE una karatasi tatu, na ya kwanza ni ya vitendo: mtahiniwa hupiga ala au huimba mbele ya mtahini. Kinanda kikianguka leo, watahiniwa hao watafanyia mazoezi wapi? Hakuna cha pili kabatini.

Sasa kamati ya ala imepewa pesa za kununua kiweko kimoja tu, na uamuzi utafanywa kabla ya tamasha la muziki. Wengi wetu tumeshaanza kupiga kura kwa macho: huyu anataka chenye rangi nyeusi inayong'aa, yule anataka cha bei ya chini. Mimi nasema kiweko hakichaguliwi hivyo. Tazama kitako kwanza, sura baadaye.

JE, DAWATI HALITOSHI?

Swali hili nimeulizwa na kiranja mmoja, na ni swali la haki. Mpaka sasa tumekuwa tukiweka kinanda juu ya dawati, na nyimbo zimepigwa. Lakini chukua futi ukapime. Dawati likiwa na kimo cha sentimita 75, na kinanda chenyewe kikiwa na kimo cha sentimita 10 hivi, vibonyezo vitakuwa sentimita 85 kutoka sakafuni. Kwenye piano ya kawaida vibonyezo viko takriban sentimita 72. Tofauti hiyo ya sentimita 13 hulipwa na mwili wa mpigaji: mabega hupanda, viganja hupinda, na mazoezi ya saa moja huwa adhabu. Anayejifunza katika kimo kibaya huzoea mkao mbaya, na mkao ukishazoeleka kuuacha si kazi rahisi.

Isitoshe, uso wa dawati unateleza. Mtu akijikwaa kwenye waya wa umeme, kinanda hufuata waya. Na dawati halisafiri kwenye basi la shule.

PIMA KABLA YA KWENDA DUKANI

Asiyejua vipimo vya kinanda chake huuziwa anachotaka muuzaji. Vipimo vinavyohitajika ni vitatu.

Cha kwanza ni uzito. Vinanda vya umeme havilingani hata kidogo. Yamaha PSR-E373, chenye vibonyezo 61, kina kilo 4.6 bila betri. Yamaha P-45, chenye vibonyezo 88 vizito kama vya piano, kina kilo 11.5. Roland FP-30X kinafika kilo 14.8. Kiweko kinachobeba cha kwanza bila taabu huenda kikalia kwa uchungu chini ya cha tatu. Ushauri wangu ni huu: tafuta kiweko ambacho mzigo wake wa juu, ulioandikwa na mtengenezaji, ni angalau mara mbili ya uzito wa kinanda. Mikono ya mpigaji nayo husukuma chini, na siku moja lazima atatokea mtu wa kuegemea.

Cha pili ni urefu wa kinanda kutoka ncha hadi ncha. Hicho cha vibonyezo 61 nilichotaja kina sentimita 94.5, na cha vibonyezo 88 kina sentimita 132.6. Utaona hivi punde kwa nini kipimo hiki ni muhimu.

Cha tatu ni kimo cha kupigia. Keti kwenye kiti utakachotumia, legeza mabega, kisha kunja kiwiko kiwe pembe mraba. Kimo cha kiwiko chako kutoka sakafuni ndicho takriban kimo kinachofaa vibonyezo. Toa kimo cha kinanda chenyewe, na kinachobaki ndicho kimo cha kiweko. Kwa wengi wetu tukiketi, kiweko kitakuwa karibu sentimita 60. Tukipiga tumesimama kitapanda hadi sentimita 80, na kwa warefu kitapita 90.

AINA ZA VIWEKO

Ukiingia duka la ala utakutana na aina nne.

Aina ya kwanza ni ya umbo la X. Ukiwahi kuona marufaa, kile kibao kinachokunjuliwa kikawekewa msahafu, basi umeshaielewa: miguu miwili inapishana katikati, inafunguka na kufumbika. Hii ndiyo rahisi kupatikana, nyepesi, na hukunjwa ikalala bapa. Kuna zenye bomba moja kwa kila mguu na zenye mabomba mawili. Zenye mawili hazipindi upesi.

Aina ya pili ina umbo la Z. Ukiitazama kwa upande utaona herufi hiyo: kitako chini, nguzo ya mshazari, mikono juu. Magoti hupata nafasi, na upana wa kitako haubadiliki hata ukipandisha mikono. Ila ni nzito, na nyingi hazikunjiki upesi. Lazima ufungue skrubu moja moja.

Aina ya tatu ni ya meza: fremu juu na miguu minne inayokunjwa chini yake. Kimo chake hubadilishwa kwa kuvuta miguu na kutia pini kwenye matundu. Nayo ni nzito kuliko X, lakini hutulia.

Aina ya nne ni ya mbao, iliyotengenezewa kinanda fulani na kufungwa nacho kwa skrubu. Hiyo ni samani. Inafaa chumba cha muziki kisichohama. Sisi tunaohamahama hatuiwezi.

HESABU YA UMBO LA X

Hapa naomba usikivu, maana hiki ndicho kiini cha makala yangu. Na usiogope, ni hesabu tulizokwisha kufundishwa darasani.

Simama mbele ya kiweko cha X kilichofunguliwa. Juu kuna mikono miwili inayoshika kinanda, mmoja kushoto na mmoja kulia. Chini kuna nyayo mbili, moja kushoto na moja kulia. Kwa kuwa mabomba yanapishana katikati kabisa, umbali kati ya mikono ni sawa na umbali kati ya nyayo. Sasa, kila bomba ni upande mrefu wa pembetatu mraba. Pande nyingine mbili ni kimo cha kiweko na upana wa kitako. Naam, ni Pythagoras yule yule!

Tuseme kila bomba lina sentimita 100. Ukiweka kimo cha sentimita 60 ili upige umeketi, 100 kwa 100 ni 10,000, toa 60 kwa 60 ambayo ni 3,600, inabaki 6,400. Kipeuo chake cha pili ni 80. Upana wa kitako ni sentimita 80. Safi kabisa.

Pandisha kimo hadi sentimita 80. Upana unashuka hadi 60. Bado si vibaya.

Pandisha tena hadi sentimita 96 ili mpigaji mrefu asimame. 96 kwa 96 ni 9,216. Inabaki 784, na kipeuo chake ni 28. Sentimita 28! Huo ni takriban urefu wa karatasi ya kuandikia ikisimama wima. Kiweko ni kile kile, dukani umelipa pesa zile zile, lakini kitako kimetoka sentimita 80 hadi 28 kwa sababu tu umekiinua.

Ndiyo maana kiweko cha X huweza kusifiwa na mtu mmoja na kulaaniwa na mwingine, na wote wawili wakawa wakweli. Mmoja hukitumia akiwa ameketi, na mwenzake hukipandisha hadi mwisho.

HESABU YA PEMBEA

Upana huo mdogo unadhuru vipi? Kumbuka pembea ya ubao ya watoto, mmoja huku na mwingine kule. Kinanda juu ya mikono miwili ni pembea iliyojificha. Uzito wake uko katikati, lakini ncha zake zinaning'inia nje ya mikono.

Chukua kinanda cha kilo 5 chenye urefu wa sentimita 95, kimewekwa tu juu ya kiweko bila kufungwa. Mikono ikiwa na umbali wa sentimita 60, kutoka katikati hadi mkono mmoja ni sentimita 30, na kutoka mkono hadi ncha ya kinanda ni 17.5. Uzito wa kinanda unavuta kukirudisha: 5 mara 30 ni 150. Anayebonyeza nchani anahitaji uzito ambao ukizidishwa kwa 17.5 utapita 150. Gawanya, utapata kilo 8.6 hivi. Si rahisi kidole kufika huko.

Sasa rudia kwa upana wa sentimita 28. Kutoka katikati hadi mkono ni 14, na kutoka mkono hadi ncha ni 33.5. 5 mara 14 ni 70. Gawanya kwa 33.5, unapata kilo 2.1. Kumbe! Ni uzito wa pakiti moja ya unga wa ugali na konzi ndogo ya nyongeza. Mpigaji akiegemeza kiwiko nchani ili afungue ukurasa wa noti, kinanda kinainuka upande wa pili na kwenda zake.

Katika tamasha moja nilishuhudia jambo hili kwa macho yangu. Shule yenyewe sitaitaja, kwani aibu ya mwenzio haitangazwi. Kiweko kilikuwa kipya, kinang'aa, kimepandishwa hadi tundu la mwisho. Msichana mmoja wa kwaya aliegemea ncha ya kinanda akisubiri zamu yao. Hakusukuma, aliegemea tu. Kilichofuata ni kishindo, kisha kimya cha ukumbi mzima. Waliimba bila ala siku hiyo, na waliimba kwa machozi. Kiweko hakikuvunjika hata skrubu moja. Kilichovunjika ni kinanda.

Hesabu hii inatupa pia dawa. Ukifunga kinanda kwenye kiweko kwa ukanda imara, hata wa mpira wa tyubu ya gurudumu, viwili hivyo huwa mwili mmoja, na uzito wa kiweko nao husaidia kurudisha. Kiweko kikiwa na kilo 4, jumla ni 9. 9 mara 14 ni 126. Gawanya kwa 33.5, unapata karibu kilo 3.8. Ni afadhali, ingawa bado si salama. Dawa kubwa inabaki kitako kipana.

SAFARI

Tamasha la muziki huanza katika kaunti ndogo, likapanda hadi kaunti, kanda na taifa. Tukifaulu, kiweko chetu kitapanda na kushuka mabasi mara nyingi katika muhula mmoja. Hivyo jiulize maswali haya: Kikikunjwa kinaingia chini ya viti vya basi? Wanafunzi wawili wa Kidato cha Kwanza wanaweza kukibeba kutoka lango hadi ukumbini bila kupumzika mara tatu? Kinafunguliwa bila spana? Waratibu hawasubiri mtu anayetafuta nati iliyoanguka nyasini.

Jiulize vilevile juu ya sakafu. Si kila ukumbi una sakafu sawa. Kigoda cha miguu mitatu hakiyumbi hata kwenye sakafu mbovu, kwa kuwa nyayo tatu hugusa chini daima. Ndiyo siri ya mafiga pia: figa moja haliinjiki chungu, lakini matatu hutulia popote. Chenye nyayo nne hucheza mguu mmoja ukikosa ardhi. Kwa hiyo kiweko cha nyayo nne kinafaa kiwe na angalau wayo mmoja unaozungushwa ili kurefuka au kufupika. Na kama mtapiga nyasini, chukueni vipande vinne vya mbao vya kuweka chini ya nyayo zisizame.

MTIHANI WA DUKANI

Ukifika dukani usione haya. Mwambie muuzaji kwa adabu, "Kaka, naomba nikijaribu kwanza," kisha fanya haya:

1. Kiweke katika kimo utakachotumia kweli, si kile alichokipanga yeye.
2. Shika mikono ya juu, tikisa kushoto na kulia, halafu mbele na nyuma. Mtikisiko mdogo bila mzigo hukua ukitia mzigo.
3. Tazama komeo. Lenye magurudumu mawili ya meno yanayoumana hushika kwa chuma. Linalotegemea skrubu kubana bomba laini hushika kwa msuguano tu, na msuguano huchoka.
4. Pitisha kidole kwenye maungio yaliyochomelewa. Tafuta ufa, tundu au mahali palipochomelewa upande mmoja tu.
5. Angalia mipira ya nyayo na ya mikono. Iliyovaliwa kwa kulegea itabaki kwenye basi la kwanza.
6. Kunja, kunjua, kunja tena. Kikikubana kidole dukani, kitambana mwenzako gizani nyuma ya jukwaa.
7. Keti mbele yake. Magoti yakigonga makutano ya X, jua mpigaji wa pedali atateseka.

NA FUNDI WA JUA KALI JE?

Wengine wamesema tumpelekee fundi kazi. Siwapingi. Nilimtembelea mmoja anayechomelea madawati, nikamwuliza, "Fundi, unaweza kututengenezea kiweko cha kinanda?"

"Mwanangu, nikiweza kutengeneza kitanda nitashindwa na kinanda?" akajibu huku akicheka.

Nguvu si tatizo, maana bomba la mraba la inchi moja hubeba zaidi ya tunavyohitaji. Mambo matatu ndiyo ya kukubaliana naye mapema: kimo kibadilike kwa pini inayopita tundu hadi tundu, si kwa skrubu ya kubana pekee, miguu ikunjwe, na mikono iwe na kizuizi mbele ili kinanda kisiteleze. Mpelekee mchoro wenye vipimo. Fundi hutengeneza alichoambiwa, si ulichokuwa nacho moyoni.

SISI TUCHAGUE KIPI?

Tuhesabu matumizi yetu. Watahiniwa huketi. Mpigaji wa kwaya husimama ili amwone kiongozi. Na tunasafiri. Kama tungekuwa tunaketi tu, ningependekeza X ya mabomba mawili bila kusita, kwani katika kimo cha sentimita 60 ni imara na ni rahisi kubeba. Lakini kiweko chetu kitapandishwa, tena na wanafunzi tofauti, na huwezi kumweka askari wa kukataza. Z ingetulia, ila safari ingetushinda.

Kwa hiyo pendekezo langu kwa kamati ni aina ya meza, yenye miguu ya kukunja, pini za matundu na wayo wa kuzungusha, cha dukani au cha fundi, kulingana na pesa zetu. Ndiyo, ni kizito zaidi. Tutakibeba wawili wawili. Uzito utatuchosha kutoka lango hadi ukumbini, lakini kinanda kilichovunjika kitatulemea mwaka mzima.

Vyovyote itakavyoamuliwa, kila anayekitumia afuate kanuni tatu: kaza komeo kabla ya kuweka kinanda, funga ukanda, na ufunge waya wa umeme kwenye mguu wa kiweko huku ukiacha nafasi ya kulegea, ili anayejikwaa avute mguu wa chuma wala si kinanda. Kinga ni bora kuliko tiba.

MAZOEZI

1. Kiweko cha X kina mabomba ya sentimita 130. Tafuta upana wa kitako kimo kikiwa sentimita 50, kisha kimo kikiwa 120. Ni kimo kipi ungempa mpigaji, na kwa nini?
2. Kinanda cha kilo 12 chenye urefu wa sentimita 130 kimewekwa juu ya mikono iliyo umbali wa sentimita 50. Ni uzito gani nchani utakaokiinua?
3. Pima dawati lako na kiwiko chako ukiwa umeketi. Andika tofauti ya vimo hivyo kwa Kiswahili sanifu, ukieleza ina maana gani kwa mgongo wako.

Majibu ya swali la kwanza na la pili nitayabandika kwenye ubao wa chama. La tatu kila mtu ana jibu lake. Kamati itakapokutana, njooni na futi. Hapa natia nanga.